Honi, Kinu na Masikio ya Babu

Haya jamani, nimerudi. Najua kuna walioanza kunong'ona kule vimbweteni kwamba nimedisko, na wengine (nawajua kwa majina) wakaeneza kwamba nimeoa kimya kimya. Wala. Nilikuwa nyumbani Handeni likizo nzima ya mwaka 2024, sehemu ambayo ukitaka mtandao lazima usimame juu ya jiwe fulani nyuma ya choo, na hata hapo inategemea na upepo. Nikasema isiwe taabu, nitaandika nikirudi Mlimani.

Sasa kwanza naungama. Mshikaji wangu wa chumbani aliniuliza mara kumi kidogo boom la mwisho lilikwenda wapi mpaka nikala wali maharage wa mkopo wiki 3. Nilimdanganya nimetuma nyumbani ada ya mdogo wangu. Ukweli ni kwamba nilinunua honi. Ndiyo, honi! Zile zile za kwenye minara ya misikiti na magari ya matangazo ya "leo jioni katika viwanja vya..." Mbili. Acheni kucheka, nisikilizeni kwanza.

Babu yangu alifanya kazi kwenye mkonge kule Korogwe kuanzia mwaka 1968. Sina haja ya kulitaja shamba. Miaka mingi alikuwa kwenye korona, ile mashine inayolisaga jani la mkonge na kubakiza nyuzi. Kama hujawahi kusimama karibu na korona, basi fikiria mashine ya kusaga mahindi, halafu ziwe nyingi, halafu usimame hapo tangu alfajiri mpaka kazi iishe, hakuna cha kuziba masikio wala nini. Mashine ilikuwa upande wake wa kushoto. Aliporudi kwao Handeni na kuanza kulima, sikio la kushoto lilikuwa limeshabaki mapambo tu.

Sisi wajukuu tulikua tukijua Babu ni mkali na anajisikia. Unamsalimia, anakutazama tu. Unamwambia jambo, anajibu lingine. Bibi ndiye alikuwa na msimamo mkali zaidi: "Babu yenu hasikii makusudi." Ushahidi wake ulikuwa mzito. Akimwita kwa sauti ya kawaida, kimya. Akirudia kwa ukali, Babu anageuka kwa hasira, "Usinipigie makelele, mimi si kiziwi!" Sasa hapo we hakimu ungehukumuje? Kesi hiyo imeunguruma miaka zaidi ya 30 pale nyumbani.

Kitu kimoja tu Babu hakukiacha, nacho ni kanda zake. Ana boksi la kaseti, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Mbaraka Mwinshehe, taarabu za Black Star. Anaziweka kwenye redio yake, anaisogeza mpaka inakaribia kugusa sikio la kulia, na bado anasema siku hizi waimbaji wanaimba wamejifunika blanketi. Mbaraka alifariki mwaka 1979 jamani, atakuwa amejifunika blanketi siku hizi vipi?

Hapo ndipo wazo la honi liliponiingia. Mimi nasoma uchumi, fizikia niliiaga kidato cha 4 kwa furaha, lakini nilikuwa nimesoma usiku mmoja (wakati wenzangu wanapiga msuli wa UE) kuhusu watu huko duniani wanaofunga spika za honi majumbani mwao. Sikuamini. Kumbe wapo, tena ni kama dhehebu! Kuna Mmarekani, Paul Klipsch, mwaka 1946 alitoa spika kubwa ya honi inayokaa kwenye kona ya chumba, ikitumia kuta za nyumba kama sehemu ya honi yenyewe. Na honi ni ya zamani kuliko hiyo. Mwaka 1915, mkesha wa Krismasi, jamaa wa Magnavox waliufungia umati mkubwa vipaza sauti vya honi pale San Francisco. Amplifaya za siku zile zilikuwa dhaifu, wati chache tu, kwa hiyo bila honi usingesikia kitu.

Siri yake ni rahisi, na kwetu wala si ngeni. Ukitaka kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Pangani unaweka viganja mdomoni. Gunda la ng'ombe, zile siwa za Pate na Lamu, zote ni kazi hiyo hiyo. Kiwambo kidogo kikitikisika peke yake kinaipapasa hewa tu, nguvu nyingi inapotea. Ukikiwekea koo jembamba linalopanuka polepole mpaka mdomo mpana, kinaishika hewa sawasawa. Spika ya kawaida ya boksi ukiipa wati 1 inakupa kama desibeli 90 ukiwa umbali wa mita 1. Honi nzuri inafika 106. Tofauti hiyo ya desibeli 16 inaonekana ndogo, lakini kwa hesabu za desibeli ni mara 40 ya nguvu. Yaani boksi linahitaji wati 40 kufanya kinachofanywa na honi kwa wati 1. Na zaidi ya hapo, honi inaitupa sauti mbele kama tochi, haiimwagi chumba kizima. Nikajiambia, hii ndiyo dawa ya Babu.

Kwa kawaida nikitoka Dar napitia Mkata halafu nakata kwenda Handeni. Safari hii nikapitiliza mpaka Korogwe. Pale Manundu kuna fundi redio mmoja mzee, banda lake limejaa mizoga ya spika mpaka yeye anakaa nje. Ukutani alikuwa ametundika honi kama sita zilizotolewa kwenye magari ya matangazo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Chama gani?"

Alidhani nimetumwa na wanasiasa. Nilipomwambia nataka za kusikilizia muziki ndani ya nyumba alinitazama kwa huruma kabisa. Lakini biashara ni biashara. Akanipa honi 2 na yuniti zake za omu 16, spika ya besi ya inchi 12 ndani ya boksi, na mfuko wa rambo wenye vikorokoro. Humo mlikuwa na kapasita ya mikrofaradi 12 iliyotolewa kwenye mota ya pampu ya maji, nyingine ndogo ya mikrofaradi 2.5 ya feni ya darini, na rizista zile nyeupe za simenti. "Msomi, usiunge honi bila kapasita. Umenisikia?" Nikasema nimesikia fundi. (Kwenye familia yetu, kama mnavyoona, kusikia ni jambo lenye utata.)

Nikapanda gari la Handeni na mzigo wangu. Kondakta alinitoza nauli ya honi kama abiria.

Usiku ule ule, sikuweza kusubiri. Sikuwa na kichomeo cha risasi, duka limefungwa, nikaona kapasita tutaweka kesho, leo tuonje tu. Nikaunga honi moja moja kwa moja kwenye amplifaya, nikachomeka flashi, na kwa kiherehere changu nikaweka bongo fleva yenye besi la kutetemesha bati. Ikaimba sekunde kama 10. Ikakohoa mara mbili. Ikanyamaza milele.

Nikajifunza kwa gharama ya nusu ya boom kazi ya kapasita. Honi ina kikomo chake chini. Mdomo wake ukiwa mdogo haiwezi kuishika besi, na ikishindwa kuishika hewa, kiwambo kinabaki hakina mzigo, kinarukaruka ovyo kama mtoto asiye na mwangalizi mpaka koili inakatika. Kapasita ni mlinzi wa mlangoni. Kwa yuniti ya omu 16, mikrofaradi 12 inaanza kuzuia chini ya hezi 830 hivi, kadiri besi inavyozidi kuwa nzito ndivyo inavyobanwa zaidi. Ile ya feni, kwenye tuita ndogo ya omu 8, inapitisha kuanzia kama 8,000 kwenda juu. Vitu vya pampu na feni, lakini hesabu inakaa kabisa!

Kesho yake nikarudi Korogwe, kilomita kama 65, nimenuna. Fundi akafungua yuniti, akanionyesha kiwambo kilichopasuka, hakunitukana hata. Akauliza, "Babu yako anasikia kwa masikio mangapi?"

"Moja."

"Na kanda zake ni za zamani?"

"Za zamani."

"Basi nyingi ni mono, sauti moja tu. Sikio moja, sauti moja, honi moja. Hiyo ya pili ulikuwa umemnunulia nani?"

Niliona aibu, halafu nikaona nafuu. Akaniazima kichomeo chake, na bila kuombwa akatupia na maiki kuukuu yenye waya mrefu kwenye mfuko. "Itakufaa." Kumbukeni hiyo maiki.

Sasa kufunga ni kitu kimoja, kuiweka sawa ni kitu kingine. Nyumba ya Babu ni ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, juu bati tupu bila dari. Ukipiga kofi mle ndani linakujibu. Siku ya kwanza sauti ilikuwa kama tangazo la msiba. Nikamwomba Bibi mikeka, akanipa 2, nikatandika moja na kutundika mwingine ukutani. Lakini kilichosaidia kuliko vyote ni mahindi. Ilikuwa baada ya mavuno, magunia 7 yamepangwa chumba cha pili. Nikayahamishia sebuleni, kwenye kona nyuma ya kiti cha Babu na pembeni. Mwangwi ukapungua nusu, besi ikaacha kuunguruma. Tatizo la ufundi huu ni kwamba kila gunia likiliwa sauti inaharibika kidogo, na kwetu Handeni mwaka wa ukame utasikiliza muziki mbaya kweli kweli.

Besi nikaiweka kwenye kona, kuta mbili zinaisaidia bure. Honi nikaisimamisha juu ya kinu cha Bibi kilichogeuzwa kichwa chini. Hapo pakawa na mgogoro maana kinu kina kazi zake, ikabidi tukubaliane kwamba kuanzia saa 5 asubuhi mpaka chakula kiive hakuna muziki.

Halafu umbali. Sauti inatembea kama mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu, kwa hiyo pale kwenye hezi 800, honi na besi zinapopokezana, wimbi moja lina urefu wa sentimita 43. Honi ikikaa nyuma au mbele kwa nusu yake, yaani sentimita 21 tu, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na sauti ya mwimbaji inatobolewa katikati. Na koo la honi za namna hii limekunjwa ndani kwa ndani, huwezi kujua kwa macho sauti imesafiri kiasi gani. Kwa hiyo nilikuwa nasogeza kinu kidogo kidogo, nakimbia kukaa kwenye kiti cha Babu, nasikiliza, nakimbia tena. Nikageuza na nyaya, chanya kwa hasi, kuona ipi inajaza zaidi. Watoto wa jirani walikuja kukaa dirishani kutazama mjukuu wa chuo kikuu akicheza mdako na kinu.

Bado ukali. Honi ilikuwa inaizidi besi kwa zile desibeli 16, inachoma. Rizista ya omu 15 mbele na ya 3.3 sambamba na honi zikaikata kiasi hicho hicho. Nikaweka kanda ya Atomic. Jamani! Gitaa lilikuwa pale, hewani, mbele ya magunia. Mdogo wangu aliyekuwa anachezea simu akainua kichwa. Nikamwita Babu kwa mbwembwe, nikamkalisha.

Akasikiliza wimbo mzima. Akasema, "Asante mjukuu wangu. Blanketi ni jipya, lakini bado ni blanketi."

Niliumia, nisiwafiche. Boom lote lile.

Usiku sikulala, nikakumbuka simu yangu ina programu ya kutoa mlio wa masafa unayotaka. Asubuhi nikaiunga kwenye amplifaya, nikamwambia Babu tucheze mchezo, ukisikia inua mkono. Bibi alikuwa mlangoni anapepeta mchele, anatuangalia kwa dharau. Hezi 500, mkono juu. 1,000, juu. 2,000, juu, ila umechelewa. 3,000, anasitasita. Nikaweka 4,000. Mlio ule ulikuwa mkali mpaka mimi nimekunja uso. Nje, mbuzi aliyekuwa amelala kivulini akageuza kichwa kutazama mlangoni. Babu amekaa, mikono magotini, ananitazama kwa subira.

"Umeshaanza?" akauliza.

Ungo wa Bibi ukasimama.

Nikaongeza sauti kidogo. Hakuna. Nikaongeza tena. Hakuna. Nikaongeza mara ya tatu, na ghafla akaruka kwenye kiti, akaziba sikio, "Kha! Unataka kuniua?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikamweleza Bibi pale pale, maana nilikuwa nimesoma haya mambo nikitafuta habari za honi. Kelele za mashine huwa zinaanza kula masikio hapo hapo, kwenye 4,000 na jirani zake, na vile vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikifa haviotiani tena. Mtu anabaki na sauti nene. Sasa a, e, i, o, u ziko chini, anazisikia vizuri, anajua kabisa kwamba unaongea. Lakini s, sh, f, ch ziko juu huko. Ukimwambia "funga mlango" anapata "unga mlango". "Sufuria" inamfikia imenyofolewa kichwa na kiuno. Kwa hiyo anajibu anachokisia. Na sikio la namna hiyo lina tabia nyingine, sauti ndogo halisikii kabisa, ukipandisha kidogo tu inakuwa kelele ya kuumiza. Hakuna katikati. Ndiyo maana ukirudia kwa ukali anaruka.

Bibi hakusema neno. Aliuchukua ungo wake akaenda nyuma ya nyumba. Mchele ule ulipepetwa muda mrefu sana siku ile.

Mimi nikarudi kwenye rizista. Kosa langu lilikuwa kupanga sauti kwa masikio yangu. Nikaweka swichi yenye njia mbili. Moja ni ile ya mwanzo, ya watu wote. Nyingine nikatumia 6.8 na 6.8, inayoikata honi kama desibeli 8 tu, kwa hiyo sauti za juu zinapanda, za besi zinabaki palepale. Kwetu sisi ni kali. Lakini honi ni tochi, si nimewaambia? Nikaielekeza kwenye sikio la kulia la Babu tu, kiti chake nikakichorea chaki sakafuni miguu yote minne. Sisi tukikaa pembeni ya mdomo wa honi ule ukali unatupita, yeye unampata wote. Na sikuongeza sauti ovyo, maana ni rahisi kummalizia sikio lililobaki. Wanasema kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inatosha kuleta madhara, mimi nikaishia 80 hivi pale kitini, kwa kipimo cha simu, ambacho najua si cha maabara.

Nikarudisha kanda mwanzo. Babu akakaa. Wimbo ukaanza, mwimbaji akaingia, na Babu akainua kidole kama mtu aliyeitwa jina darasani. Hakusema blanketi. Alisikiliza upande mzima wa kanda, ilipokwisha akaigeuza mwenyewe. Kuna 4,000 ambayo haitarudi hata nikimfungia honi za San Francisco nzima, hilo nalijua. Lakini maneno alikuwa anayafuata, midomo ilikuwa inatembea.

Bibi naye kuanzia siku ile akimtaka anakuja mpaka mbele yake, anasubiri amtazame, ndiyo anaongea. Taratibu, bila kupandisha. Sikuwahi kuona hilo maishani mwangu. Baba yangu amesema mwezi huu atampeleka hospitali Tanga wakampime vizuri, maana mjukuu mwenye simu si daktari.

Ila kutembea kutoka jikoni mpaka sebuleni kila mara, mwanamke wa umri wake, nako ni kazi. Siku mbili kabla sijaondoka akanifuata nikiwa nafunga begi.

"Mjukuu wangu, ile maiki ya fundi inafanya kazi?"

Nikaivuta waya mpaka jikoni, nikamwonyesha swichi. Nilisahau kupunguza sauti, na nilisahau pia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekigeuza kinu kuelekea mlangoni ili nifagie. Bibi akakohoa kidogo, akasogeza maiki mdomoni kama anasoma taarifa ya habari.

"Mzee... chakula tayari."

Babu akaja. Wakaja na majirani wanne, balozi, na kijana wa bodaboda aliyedhani kuna mkutano.

Haya, nawaacha, kesho nina test asubuhi na sijagusa kitu. Yule mwenye deni langu la maharage, boom likitoka tutaonana. Alamsiki.